Mioyo Iliyopiga Pamoja

Watu thelathini na mmoja wa kijiji cha Isambwa waliwaka nyekundu kwa mkupuo, Dakta Siwatu Pazi akiwa na andazi mdomoni.

Alilimeza bila kulitafuna. Ukuta mzima wa ofisi yake ulikuwa ramani ya wilaya, na kila mtu mwenye bangili alikuwa nukta ya kijani juu ya ramani hiyo: wanaolima, wanaolala, watoto wanaokimbizana shuleni kama mtama uliomwagika. Kwa wiki tatu tangu aajiriwe, kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya ukuta ule na kuangalia kijani. Sasa kule kusini, mwisho wa njia ya mapori ya nyuki, palikuwa na doa jekundu. Dogo, limebanana, kama tone la damu kwenye shuka.

Ngao ikaongea. Mashine ile ilikuwa na sauti tamu ya dada wa benki.

"Isambwa. Watu thelathini na mmoja. Joto la mwili, arobaini. Mapigo ya moyo, mia na kumi na mbili. Inalingana na kikaushi. Daktari wa zamu, weka jina lako."

Chini ya ukuta vikatokea vitufe viwili. FUNGA. SUBIRI.

Siwatu alikuwa darasa la nne homa ya kikaushi ilipopita mara ya kwanza. Alikumbuka midomo ya watu, ilivyopasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Baada ya msiba ule ndipo kila mkono nchini ukavishwa bangili, na Ngao ikawekwa iwe inahesabu homa za watu usiku na mchana. Homa zikiwa nyingi mahali pamoja, Ngao inatuma nzige. Ndivyo watu walivyoziita zile ndege ndogo za chuma. Daktari akibonyeza FUNGA, nzige wanakizunguka kijiji na kutandaza uzi wa mwanga wa bluu, na anayevuka uzi anachomwa sindano, analala hapohapo. Siku thelathini. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka, na maiti zote zinachomwa.

Simu ikalia. Dakta Mwakalinga, bosi wake, mganga mkuu wa mkoa.

"Umeona?"

"Nimeona, Dakta. Shikamoo."

"Marahaba. Weka jina tumalize."

"Dakta, mapigo yao yanafanana."

"Homa inapandisha mapigo, binti. Kwani chuoni mlikuwa mnafundishwa nini?"

"Hapana, namaanisha..." Sauti ikamkimbia. Ilikuwa inamkimbia hivyohivyo tangu utotoni, kila anapoangaliwa, na hata asipoangaliwa. Akavuta pumzi. "Yanafanana kabisa. Kuna bibi wa miaka sabini na nane na kuna msichana wa miaka kumi na tisa. Wote mia na kumi na mbili. Sasa wameshuka, mia na tano. Wote. Sasa wamepanda tena. Wote, Dakta. Hakuna ugonjwa unaofanya mioyo thelathini na mmoja iimbe kama kwaya."

"Basi mashine imekwama."

"Kama imekwama, si tutakuwa tumefungia watu kwa kosa la mashine?"

Ukali wa Mwakalinga ukapungua, na hapo ndipo alipotisha zaidi.

"Siwatu. Unamjua aliyekalia kiti hicho kabla yako? Alikuwa kijana mzuri, anapenda watu. Akasubiri. Mara moja tu. Kikaushi kikatoka pale kijijini na basi la asubuhi, kikafika mjini. Mwenyewe alihudhuria mazishi mpaka akaacha udaktari. Mimi nimefanya kazi hii muda mrefu, sijawahi kuona daktari anaulizwa kwa nini amefunga. Sijawahi. Umenielewa?"

Alimwelewa vizuri sana. Lakini kwenye utafiti wake wa mwisho chuoni, Siwatu alitafuta kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta: watu waliokufa ndani ya uzi kwa mambo mengine. Mama aliyeshindwa kujifungua, mzee aliyeishiwa dawa ya sukari, mtoto aliyeumwa na nyoka. Ngao haikuwa inawahesabu kwa sababu hawakufa kwa kikaushi. Yeye aliwahesabu. Katika baadhi ya vijiji, uzi uliua watu wengi kuliko homa yenyewe.

"Nitaenda kuwaona," alisema.

"Kuwaona? Wewe?"

Hata yeye alishangaa. Siwatu aliichagua afya ya jamii kwa sababu aliamini ni kazi ya takwimu, isiyo na kuangaliana usoni. Wenzake walikimbilia upasuaji. Mama yake alilalamika mwaka mzima: yaani umesoma miaka yote hiyo, hata sindano huchomi, unaenda kuangalia ukuta?

Akabonyeza SUBIRI.

"Jina limepokelewa," Ngao ikasema. "Dakta Siwatu Pazi anasubiri hadi saa kumi jioni. Baada ya hapo, Ngao itafunga yenyewe."

*

Aliwakuta nzige wameshatangulia. Walikuwa wametua kwenye matawi ya miyombo kuzunguka Isambwa, mamia, wamekunja mabawa, jicho moja moja likimulika kijiji. Hata ndege wa kweli walikuwa wamehama.

Siwatu alisimamisha pikipiki yake ya umeme nje ya kijiji, akavaa vazi jeupe la kinga kuanzia kichwani mpaka miguuni, akafunga kinyago. Hata hakujua anaogopa nini zaidi, kikaushi au kusalimia umati wa watu asiowajua.

Kisha akasikia kilio cha msiba.

Wameanza kufa, akawaza. Nimesubiri, na wameanza kufa. Akakimbia kuelekea kwenye sauti, vazi likimpwaya miguuni, akatokea kwenye uwanja wa nyumba moja kubwa.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Wanaume wamesimama karibu na kaburi lililochimbwa ubavuni mwa nyumba. Sufuria zinachemka. Wale waliokuwa wanalia walikuwa wanalia vizuri, kwa afya kabisa, midomo milaini, na vifua vinavyotoa sauti. Katikati yao alikuwa amesimama mbuzi.

Mbuzi dume, mkubwa, mweusi, amevalishwa kanga na kufungwa kilemba cha maombolezo. Miguu yote minne, kuanzia kwato mpaka magotini, ilikuwa imevikwa bangili za afya. Zile ambazo hazikupata nafasi miguuni zilikuwa zimeunganishwa na kuvalishwa shingoni kama shanga. Jamaa mmoja mwenye kofia ya mkeka alikuwa ameshika kamba yake, anamkimbiza kuzunguka sufuria huku anapiga kelele: "Wafiwa! Mrithi wenu huyu hapa! Mbona hamumpi kiti?"

Mbuzi alihema. Bangili zote zikawaka nyekundu, kisha zikapepesa pamoja.

Mia na kumi na mbili, Siwatu akawaza. Joto arobaini. Mbuzi wa kawaida kabisa, aliyekimbizwa juani.

Akachuchumaa palepale, akacheka ndani ya kinyago mpaka kioo kikaingia ukungu, haoni kitu. Watu wote wakageuka kumwangalia, yeye na vazi lake jeupe. Kilio kikakatika.

"Mama yangu!" yule mwenye kofia akasema. "Marehemu amerudi na sanda!"

Mwanamume wa makamo, macho mekundu kwa kulia, akasogea mbele. "Wewe ni nani? Na hawa wadudu wenu mitini wanataka nini kwenye msiba wangu?"

Siwatu alivua kinyago. Alijua hapaswi. Lakini hakuna anayeweza kueleza jambo kama lile akiwa amefunikwa uso.

"Naitwa Dakta Siwatu, natoka wilayani. Poleni na msiba, baba." Sauti yake ilitoka ndogo, watu wa nyuma wakainama kusikia. "Ngao inaona ninyi wote mna homa. Kwa sababu ya... kwa sababu ya huyo mbuzi. Naomba kila mtu avae bangili yake sasa hivi, tafadhali. Tukifika saa kumi, nzige watafunga kijiji. Mwezi mzima. Na marehemu hatazikwa. Watamchoma."

Mnong'ono ukapita kwenye mikeka kama upepo.

Mwanamume yule alikuwa Luhende, mtoto wa marehemu Bi Kalunde. Alimweleza kwa kifupi, kwa aibu. Asubuhi, kabla ya kumwosha marehemu, wafiwa wote walivua mapambo yao kama ilivyo desturi, na bangili nazo wakazivua, wakaziweka kwenye ungo. Sheria inakataza, anajua, lakini nani amwoshe mama yake akiwa na taa inawaka mkononi? Walipotoka, ungo ulikuwa mtupu. Watani walikuwa wameshapita nao.

"Basi mchukueni mbuzi," Siwatu akasema.

Luhende akamtazama kama mtu anayemwonea huruma. "Siwezi kumnyang'anya mtani, Dakta. Kwenye msiba? Mpaka aachie kwa ridhaa yake. Nikikasirika tu, nimemwaibisha mama."

*

Mtani mwenyewe aliitwa Chande Mindu. Mzaramo, mtani wa Wanyamwezi wa hapo, alikuja Isambwa ujanani kununua asali na hakuondoka tena. Siwatu alipomfuata, Chande alirudi nyuma, akamkumbatia mbuzi shingoni.

"Bibie, usinitishe na panzi wa bati. Sitoi. Nimewaambia wanichinjie huyu mbuzi na waniletee pombe ya asali, wanasema eti wana huzuni. Huzuni gani? Huyu bibi alikuwa mchoyo, mbaya, ana meno mawili, yote ya upande mmoja!"

Wanawake kwenye mikeka waliguna kwa kicheko kilichochanganyika na machozi. Lakini Siwatu alikuwa karibu, na aliona ambacho wao hawakukiona. Kidevu cha Chande kilikuwa kinatetemeka.

"Mlikuwa marafiki," alisema polepole.

"Marafiki na nani? Na Mnyamwezi?" Chande akafuta pua kwa kilemba cha mbuzi. Kisha akashusha sauti. "Mke wangu alipofariki, huyu bibi aliingia kwenye kaburi. Mle ndani kabisa. Akalala chali, akasema hatoki mpaka nicheke. Nilimtukana, nikamlilia, nikamwambia Kalunde toka. Hakutoka. Jua lote lile. Mpaka nikacheka." Akamtazama mbuzi. "Sasa leo nimefanya kila kitu. Nimevalisha mbuzi. Nimekimbia. Hata mimi mwenyewe haijanichekesha. Nikirudisha bangili hivihivi, si ndiyo tumemaliza? Si ndiyo ameondoka?"

Siwatu alitazama bangili mkononi mwake. Ilikuwa imekaribia saa kumi. Kwenye miti, nzige wa kwanza walikuwa wameanza kufungua mabawa.

Ndipo akafanya kitu ambacho, kama ungemwambia asubuhi ile akiwa na andazi lake, angekwambia unaumwa. Alitembea mpaka kwenye kaburi, akakaa ukingoni, akateleza, akaingia ndani. Akalala chali, na vazi lake jeupe, mikono kifuani.

Wanawake wakapiga mayowe.

"Dakta!" Luhende akaita. "Dakta, toka!"

"Sitoki," Siwatu akasema. Kule chini, watu wakiwa vichwa tu juu ya mstatili wa mbingu, sauti haikumkimbia. Ilikosa pa kukimbilia. "Mimi ni binti Pazi, Mzaramo wa Maneromango. Nimekuja kwa mtani wangu Bi Kalunde nikakuta kitanda kizuri kimetandikwa, na yeye hajafika bado. Nimelala mimi."

Kichwa chenye kofia ya mkeka kikachungulia. "We mtoto! Wewe mtani wangu au mtani wao?"

"Mtani wa bibi. Wewe umemletea mbuzi, mimi nimejileta mwenyewe. Nani anampenda zaidi?"

"Ah! Toka humo, utachafua nguo ya serikali!"

"Nitachafua. Na mzikeni humuhumu juu yangu, nitamfundisha takwimu mpaka siku ya kiama. Atajuta." Akavuta pumzi. "Sitoki mpaka mbuzi avue. Na akivua, aniombe radhi. Mbuzi gani anakuja msibani amevaa vito kuliko wafiwa?"

Kisha ikasikika sauti ngeni, kama ya mtu anayekohoa. Ikakua. Chande Mindu alikuwa amekaa chini ukingoni mwa kaburi, ameshika mbavu, anacheka, na machozi yanamtoka bila kizuizi chochote. "Kalunde," alikuwa anasema. "Kalunde, umewaona hawa Wazaramo? Umewaona?"

"Mvueni mbuzi!" akapiga kelele. "Haraka! Mnaangalia nini?"

*

Kila bangili ilikuwa na jina. Walizisoma kwa sauti, mikono ikanyooshwa, na moja baada ya nyingine zikabadilika kutoka nyekundu kuwa kijani. Hata ya marehemu ilipatikana. Luhende aliishika kidogo, akaizima mwenyewe. Nzige nao wakaanza kuruka, kikundi kwa kikundi, kurudi walikotoka. Siwatu, mwenye udongo mpaka kwenye nywele, alihisi kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Bangili moja ikabaki mkononi mwa Luhende.

"Nyamizi," alisoma. "Binti yangu. Yuko ndani, amelala. Amechoka na safari, alifika jana kutoka machimboni."

Siwatu aliingia naye. Msichana alikuwa amejikunja kwenye kitanda cha kamba, blanketi mbili, anatetemeka. Siwatu alimvalisha bangili. Haikubadilika. Thelathini na tisa na nusu. Mapigo yake mwenyewe, ya kwake peke yake.

Hakuna aliyecheka.

"Isambwa. Mtu mmoja," Ngao ikasema kwenye mkono wa Siwatu, kwa utamu uleule. "Amegusana na kijiji kizima. Daktari, weka jina lako."

Luhende alifunga mlango kwa mgongo wake. Alikuwa mtu mzima, mrefu, lakini alikuwa anamwomba kama mtoto.

"Dakta. Nipe mimi niivae."

"Baba..."

"Mkono wangu mmoja una yangu, wa pili uko bure. Sina homa. Itakuwa kijani, hao wadudu wataondoka, nitamzika mama yangu. Mwanangu ana malaria tu, wewe mwenyewe unaona. Nani atajua?"

Na hapo ndipo ubaya ulipokuwa, kwa sababu alikuwa na haki ya kuomba. Ilikuwa kazi ya nukta moja. Siwatu angeondoka pale jioni hiyo akiwa daktari aliyeokoa kijiji, watu wakimwimbia. Na kama si malaria? Alikumbuka basi la asubuhi, na kijana mzuri aliyependa watu.

Akainama, akamulika tochi mdomoni mwa Nyamizi. Ulimi ulikuwa na mate. Midomo mizima. Kikaushi hakiambukizi mpaka midomo ipasuke, siku ya tatu au zaidi. Hilo alilisoma, akalihesabu, akaliandikia mtihani. Kama ni kikaushi, bado hakijatoka kwenye mwili huu. Hakuna aliyeambukizwa pale uwanjani. Ila atakayekaa naye kuanzia kesho...

Akampigia Mwakalinga.

"Dakta, naomba kufunga nyumba."

"Kufunga nini?"

"Nyumba moja. Sheria inaruhusu kama daktari atakaa ndani na mgonjwa. Kipimo changu cha damu kinajibu asubuhi."

"Hicho kifungu hakijawahi kutumiwa na mtu."

"Najua."

"Hakijatumiwa kwa sababu daktari akikosea, anakufa yeye, Siwatu."

"Ndiyo, Dakta. Ndiyo maana naomba ukubali. Nikikosea, atakayelipa ni aliyekosea. Siyo mzee wa nyumba nyingine aliyeishiwa dawa ya sukari."

Alisikia pumzi ya mzee yule kwenye simu, nzito, ndefu.

"Una maji ya kutosha humo ndani?" hatimaye akauliza.

Siwatu akamgeukia Luhende. "Nenda ukamzike mama yako, baba. Bangili hii inabaki mkononi mwa mwenyewe. Na mimi nabaki nayo."

Luhende alipotoka, nzige sita tu walishuka, wakakaa kwenye paa la nyumba ile, wakatandaza uzi mwembamba wa bluu kuzizunguka kuta zake. Kutoka dirishani, Siwatu na Nyamizi walisikia mazishi yote. Chande alisikika akigombana na jeneza.

*

Kulipokucha, kipimo kilipiga mlio mdogo, kama kifaranga. Siwatu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Alikisoma. Akafumba macho, akakisoma tena.

"Ni nini?" Nyamizi akauliza. Dawa ya malaria aliyopewa kwa kubahatisha ilikuwa imemtoa jasho, na sauti yake ilikuwa na nguvu.

"Malaria," Siwatu akasema. "Malaria ya watu. Malaria nzuri kabisa."

Wakatazamana, daktari na mgonjwa, wakaanza kulia wote wawili kwa wakati mmoja. Nje, nzige sita walikunja uzi wao, wakaruka.

Hakuwahi kukumbatiwa na watu wengi namna ile, na hakuna hata mmoja aliyemwogopa. Wanawake walimpangusa udongo. Luhende akamshika tu mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Walimtengea uji na viazi, na Chande Mindu mwenyewe akaja na birika amnawishe.

"Vua hicho kibangili, Mzaramo mwenzangu, kisiingie maji. Nikushikie. Unawe vizuri, ulilala kaburini wewe."

Alinawa. Alikula mpaka akashiba. Alipokuwa anaondoka, walimletea mbuzi. Mbuzi yuleyule, bado na kilemba.

"Mchukue mgonjwa wako," Chande alisema. "Hapa kwetu hana tena kazi. Na ukija tena, uje bila kuitwa na ukuta."

*

Njia ilikuwa tupu na baridi. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma kwenye sanduku la dawa, kichwa nje, kilemba kikipepea, akilalamikia kila shimo. Siwatu alikuwa anaimba. Hakuwa anajua kuimba.

Simu ikalia. Akasimama kando ya njia.

"Siwatu!" Sauti ya Mwakalinga ilikuwa juu, haijawahi kuwa juu namna ile. "Uko wapi? Si ulisema ni malaria? Simama hapohapo, usisogee, usimguse mtu!"

"Dakta, kuna nini?"

"Kuna nini? Wewe! Nakuona ukutani, umewaka! Joto arobaini! Mapigo mia na kumi na mbili na yanapanda! Ngao inataka kutuma nzige, nimeweka mkono kwenye kitufe, binti, sema kitu!"

Siwatu alitazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mtupu.

Akageuka taratibu. Mbuzi alimtazama kwa macho yake ya manjano, akatafuna kitu, akanyanyua mguu mmoja wa mbele juu ya ukingo wa sanduku. Palikuwa na bangili moja tu, nyekundu, inapepesa. Imefungwa kwa fundo la kamba ya mkeka.

Alikalia tuta la mchanga, simu sikioni, mabega yanatikisika, na kule upande wa pili mganga mkuu wa mkoa alikuwa anaita jina lake kama mzazi aliyepotelewa na mtoto sokoni.

"Subiri, Dakta," alisema alipopata pumzi. "Bonyeza subiri. Nakuja kukueleza."

Na kwa mara ya kwanza tangu aijue sauti ile, akasikia kitufe kikibonyezwa bila swali.